Magreti wa Westlands

Keti baa yoyote ya Westlands Ijumaa jioni usikie watu wazima wakibishana Margarita wa ile kokteli alikuwa nani. Mmoja atamtaja Margaret Sames, tajiri wa Marekani aliyedai kuichanganya Acapulco mwaka 1948. Mwingine ataapa ni mwigizaji fulani. Kumbe kwa Kihispania margarita ni ua tu, na Wamarekani walishakuwa na kinywaji chao chenye jina la ua hilohilo, Daisy, kabla ya mama huyo.

Nairobi nayo ina kokteli yake, Dawa ya mkahawa wa Carnivore: vodka, ndimu, barafu na kijiti chenye asali. Ni caipirinha ya Brazil iliyobadilishiwa pombe na jina, na aliyeibatiza aliwahurumia waume za watu. Ukiulizwa saa nane usiku ulikuwa wapi, unajibu bila kudanganya: “Nilipitia dawa, mama watoto.” Kasoro ni dozi tu: moja kutwa mara tatu, nawe umezimaliza zote kwa mkao mmoja.