Namna ya Kuwa Bingwa wa Kompyuta Kabla ya Muhula Kwisha

Mwanafunzi mpendwa, umeamua kujifunza kuandika programu, na mwezi ujao darasa lenu litatembelea maabara ya sayansi ya chuo kikuu. Hongera. Wenzako wametumia miaka kuyajua mambo hayo. Wewe una bando la wiki na kujiamini. Vinatosha, mradi ufuate masharti haya.

1. Anza na cheo. Programu ya kwanza ya mwanagenzi huiamuru kompyuta iisalimie dunia, desturi iliyoenezwa na kitabu cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978. Katika Python ni mstari mmoja tu. Salamu ikishatokea kwenye skrini, ingia WhatsApp ujiandike "Mhandisi wa Programu". Elimu itafuata ikipata nafasi.

2. Usisome ujumbe wa kosa. Python ina adabu: ikikwama hukutajia aina ya kosa na mstari ilipokwamia. Ikisema mstari wa 14, wewe rekebisha wa 3, kisha wa 20, kisha geuza skrini iwe nyeusi. Ikilalamikia nafasi ulizoacha mwanzoni mwa mstari, jua inakuonea. Lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum itayajulia wapi matatizo yako?

3. Ukiona ajabu, laumu mashine. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Mdadisi angegundua kwamba kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na humo 0.1 haiandikiki ikaisha, sawa na theluthi katika desimali zetu. Wewe tangaza kwamba uliuziwa laptopu feki.

4. Maabarani, koti jeupe ni la picha. Miwani ya kinga huharibu sura, ipandishe kwenye paji la uso. Fundi sanifu atawaeleza kwamba asidi humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, kwa sababu joto linalozuka huweza kuyachemsha maji hayo machache papo hapo na kuirusha asidi usoni. Hapo ndipo pa kupigia selfi, maana wengine wote watakuwa wametulia.

5. Usiiname. Kiwango cha maji kwenye silinda ya kupimia husomwa jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo wake. Wewe soma umesimama wima. Kichwa cha msomi hakiinamii maji.

6. Uliza bei. Mkifika kwenye mashine inayozungusha sampuli kwa kasi, usihoji kwa nini kila mrija huwekewa mwenzake wa uzito uleule upande wa pili. Uliza, "Hii shilingi ngapi?", kisha guna kama mnunuzi aliyeghairi.

7. Usiandike chochote. Septemba 1947, waliokuwa wakiendesha kompyuta ya Mark II pale Harvard walimkuta nondo ndani ya relei. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika na saa. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Umeona hasara ya kuandika? Mdudu mmoja anawasema kwa zaidi ya miaka 70! Wewe ungemtupa, ukazima, ukawasha, na ukiulizwa tatizo lilikuwa nini ungejibu, "Mtandao."

Masharti haya yakikushinda, imebaki njia moja, nayo hutumika kwenye kompyuta na maabarani vilevile: soma kilichoandikwa, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika kilichotokea. Haina picha nzuri wala cheo cha haraka. Tena jihadhari nayo, kwani anayeifuata huishia kujua.