Ukitaka Kutamba na Wimbo wa Watu

Anza kwa kupunguza watu. Bendi yenye matarumbeta ina vinywa vingi vya kulisha, na sinthpop, yaani pop ya sinthesaiza, ni kazi ya wawili: mmoja aimbe, mwingine asimame nyuma ya kinanda kama karani aliyecheleweshewa mshahara. Chris Lowe wa Pet Shop Boys amejijengea jina kwa kusimama hivyo, kofia kichwani, miwani myeusi usoni. Ukiona hata wawili ni wengi, mwige Daniel Miller wa London. Mwaka 1980 alitoa albamu ya nyimbo za zamani za rock 'n' roll iliyopigwa kwa sinthesaiza, akasema ni kazi ya Silicon Teens, vijana wanne. Vijana hao hawakuwapo duniani. Waandishi wa habari walipotaka kuwahoji, walitafutiwa waigizaji.

Katika kuchagua wimbo, usione haya kuokota kilichotupwa. "Tainted Love" wa Gloria Jones ulitoka mwaka 1965 kwenye upande wa pili wa santuri, ukapita bila kelele. Mwaka 1981 Soft Cell, vijana wawili waliokutana chuoni Leeds, waliupunguza mwendo, wakauvua matarumbeta, wakaubakizia mlio wa mashine na sauti ya Marc Almond inayokaribia kuchuja. Ukashika namba moja Uingereza, na Marekani ukakaa wiki 43 kwenye chati ya nyimbo 100 bora.

Sasa sharti gumu: usilie. Elvis Presley alirekodi "Always on My Mind" mwaka 1972, ndoa yake ikiwa imevunjika, na unamsikia akiomba msamaha kwa moyo wote. Mwaka 1987, miaka 10 tangu afe, Pet Shop Boys waliuimba kwenye kipindi cha televisheni cha kumkumbuka. Mwimbaji wao, Neil Tennant, hakupandisha sauti hata kidogo. Mashabiki wa Elvis wanisamehe, lakini naona Tennant ndiye aliyeuelewa: mume aliyemsahau mkewe miaka yote, kisha anadai alikuwa akimuwaza, hastahili kuaminiwa haraka. Waingereza waliununua hadi ukawa namba moja Krismasi ile.

Kama ubaridi hauuwezi, vaa gauni. Erasure, wawili wengine wa sinthpop, walirekodi nyimbo nne za ABBA mwaka 1992, na kwenye video ya mmojawapo Vince Clarke na Andy Bell wakajipamba kama wale akina dada wawili wa ABBA. Walikaa kileleni mwa chati ya Uingereza wiki tano. Ila jiandae kulipiziwa: mwaka uleule Bjorn Again, kundi la Australia linaloishi kwa kuwaiga ABBA, lilirekodi nyimbo za Erasure kwa mtindo wa ABBA.

Mwisho ni fedha. Mirabaha ya utunzi haimfuati mwimbaji, humfuata mtunzi. Kwa "Tainted Love" ni Ed Cobb. Nafasi yako ni upande wa pili wa santuri: weka hapo wimbo uliotunga mwenyewe. Soft Cell waliweka wimbo wa The Supremes, yaani wa watu tena, wakakosa pande zote mbili. Wewe weka wako, hata kama ni mbovu. Kila santuri inayouzwa, mtunzi wa upande huo naye hulipwa.