Deni Lililofutwa Redioni

Mwenye duka wa mtaani kwetu Malindi anakopesha mpaka mtu unaona haya mwenyewe. Siku ukiwa huna, unapita kichochoro cha nyuma, na Mji Mkongwe kwa vichochoro hauna mpinzani; nadhani waliojenga walikuwa wadaiwa. Sasa deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi utalipitia wapi? Linakatwa kabla mshahara haujatua, na mie napelekewa habari tu.

Tulipokuwa Chuo Kikuu, Mlimani, tunasubiri bumu, yaani fedha za mkopo, makato tuliyoyajua yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, ikawa 15. Kila laki, elfu kumi na tano hiyo inakwenda. Na juu yake ilikuwapo tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Mdaiwa wa milioni nane anaongezewa laki nne na themanini elfu, hata akilala. Thamani ya mkopo ikalindwa vilivyo. Yangu mie hakuna aliyeiuliza.

Mei Mosi 2021, Rais Samia akatangaza kule Mwanza kwamba tozo ile inafutwa. Wallahi nilifurahi. Ila ilikuwa Ramadhani, na shangazi yangu wa Kikwajuni alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Kwa kelele zile, redioni aliambulia maneno mawili: “mikopo” na “imefutwa”.

Baada ya tarawehe habari ilishafika Jaws Corner. Wazee wa baraza wakanipongeza, kisha wakaagiza kahawa kwa hesabu yangu. Sikukuu ilipofika, nilitembelewa na jamaa ambao hata mazikoni hatukutani.

Nikamtolea shangazi slipu ya mshahara. Akavaa miwani, akaifuata kwa kidole mpaka kwenye mstari wa Bodi.

“Mbona bado wanakukata?”

“Kilichofutwa ni nyongeza, shangazi. Deni lenyewe lipo.”

“Rais kafuta, wewe nani hata ulirudishe?”

Na tuseme ukweli, nafuu ipo. Zamani nalipa huku, linaota kule. Sasa angalau kila mwezi linapungua. Lakini nafuu ya namna hiyo huwezi kumwonesha mtu aliyekuja kukukopa nauli ya boti. Binamu yangu wa Darajani ndiye mjanja. Alisoma kwa mkopo kama mie, na sheria inamtaka aliyejiajiri naye arejeshe. Ukimuuliza, anakwambia hakujiajiri, anakaa tu dukani.

Mwaka huu mjukuu wa shangazi kapata nafasi SUZA, anaomba mkopo wa Bodi yetu ya Zanzibar. Juzi bibi yake akaja na fomu ndani ya mfuko wa plastiki, kaikunja kwa adabu zote.

“Hapa wanataka mdhamini mwenye ajira.”

“Shangazi, mie mwenyewe nadaiwa.”

“Lilifutwa lile. Wewe tia saini.”

Nikatafuta kisingizio. Nikamwambia fomu hizi zinataka na picha ya mdhamini, na mie picha ndogo sina.

“Nimeshapata,” akasema, akachomoa kipande cha picha kutoka kwenye kanga. “Nimetoa ile ya harusi yako. Mkeo nimemkata.”