Mota Kimya, Watu Kelele

Ukitangaza Kilifi kwamba unatafuta mota ya umeme ya kupachika kwenye mashua, hakuna atakayekuuliza mashua ina urefu gani wala unavulia wapi. Utaulizwa, "Kwani petroli imekwisha?" Kisha utaelezwa habari za betri. Mota yenyewe haina wajuzi, kwa kuwa wengi hawajaiona. Betri ni jambo jingine. Kila nyumba imewahi kuwa na N70 chini ya meza ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila nyumba ilibaki na mtaalamu wake hata baada ya betri kufa.

Mashua ni yetu wawili, mimi na Mjomba. Ina futi 13, tezi yake ni bapa, na tunavulia ndani ya hori kando ya mikoko, kwa mshipi na chambo cha kamba. Zamani tulikwenda kwa kasia na pondo, mpaka bega la kulia la Mjomba likastaafu kabla ya mwenyewe. Akaazima mashine ya petroli, ile ya farasi 15. Ilitufikisha mikokoni upesi mno, na kila changu wa hori akawa amepata taarifa ya safari yetu mapema. Siku ile tulirudi na kaa mmoja, na hata huyo nadhani alikuwa kiziwi.

Ndipo likaja wazo la umeme. Mota hii haina mngurumo. Changu hasikii, tewa hasikii. Tabu ni kwamba hata Mjomba hasikii. Anaiwasha, anatega sikio, anaona kimya, anaamini haijawaka, anazungusha mpini mpaka mwisho, na mashua inaondoka yeye akiwa bado amesimama. Mara ya kwanza alikaa kitako juu ya ndoo ya chambo. Alisema alikuwa amekusudia kukaa.

Lakini hapo nimeshatangulia. Kabla ya kukalia chambo kulikuwa na hesabu.

Mota hizi haziuzwi kwa nguvu ya farasi. Zinauzwa kwa ratili za msukumo: 30, 40, 45, 55. Mjomba aliposikia ratili alidhani ndio uzito wa mota, akashangaa mbona kijana wa dukani anaibeba kwa mkono mmoja. Kanuni wanayoitumia wauzaji ni ratili 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za mashua ikiwa na watu na mizigo. Kwa hiyo unatakiwa kujua mashua yako ina kilo ngapi, na hapa Kilifi sijaona mizani ya mashua. Tulikisia. Mbao, pamoja na maji iliyokwisha kuyanywa, kilo 200. Sisi wawili 150, ingawa Mjomba alitaja uzito aliokuwa nao siku ya harusi yake. Betri 30. Nanga, kamba na maji ya kunywa 20. Zilizobaki 50, Mjomba alisisitiza, ni za samaki. Nilitaka kubisha, kisha nikaona hesabu inatoka sawasawa: kilo 450, ratili 20. Mara nyingine matumaini hurahisisha mahesabu.

Ratili 20 ni za ziwa lililotulia. Kwa upepo wa kusi na mkondo wa hori unazidisha mara mbili au zaidi, na ukifika 55 umegonga dari, kwa sababu kwa kawaida hapo ndipo mota za volti 12 huishia. Ukitaka zaidi unaingia kwenye volti 24, yaani betri mbili, yaani ugomvi mara mbili nyumbani. Tukachukua ya 55.

Mjomba akauliza hizo 55 ni farasi wangapi. Nikamfanyia hesabu kwenye boksi la mota. Ikienda kwa nguvu zote inakula kama ampea 50. Mara volti 12, ni wati 600. Farasi mmoja ni wati 746. Akatazama lile boksi kwa muda.

"Mwanangu, mimi nimezoea farasi 15. Huyu hata mmoja hatimii. Huyu ni punda."

Sikumpinga. Ila punda anajua kazi, na hapigi kelele mbele ya samaki.

Kwa wale wanaodhani huu ni ushamba wa juzi: mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha mashua kwenye Mto Seine, Paris, kwa mota ya umeme aliyoiunganisha na propela na usukani kiasi kwamba unaing'oa na kwenda nayo. Petroli ilikuwa bado haijapata kazi majini. Na hii ya kuvulia, yenye fimbo na kichwa kidogo, ilitengenezwa mwaka 1934 na O. G. Schmidt huko Fargo, North Dakota, akitumia stata ya gari la Ford Model A. Namheshimu sana Bwana Schmidt. Lakini North Dakota haina bahari, na kila kitu kilichotusumbua baadaye kimeanzia hapo.

Kwanza, chumvi. Mwuzaji mmoja alitutolea mota nyeusi, ya kupendeza. Nikamwuliza kama ni ya bahari. Akasema maji ni maji. Sasa, mota ya maji baridi na ya maji chumvi ni mapacha mpaka uziangalie chini: ya bahari ina kipande cha zinki karibu na propela, kilichowekwa pale kiliwe taratibu badala ya vyuma vyenye thamani, kisha ukitupe uweke kingine. Mjomba, ambaye ni kifungua mimba, alikitazama kipande kile kwa huruma. Tukatafuta yenye zinki. Ilikuwa nyeupe, kama zilivyo nyingi za bahari, na bei yake ilikuwa na chumvi pia.

La urefu wa fimbo tulilimaliza upesi: propela inataka kuzama kama inchi 12 chini ya uso wa maji, tezi yetu iko juu, tukachukua fimbo ya inchi 36. Kibanio kilikataa kuumeza ubao wa tezi, seremala akauchonga kidogo, akanywa chai, akauchonga tena. Yakaisha.

Betri haikuisha. Betri haiishi, isipokuwa ukiwa katikati ya maji.

Jirani wa kwanza alisema chukua N70 yoyote. Wa pili akasema N200, ya lori, "umalize maneno." Fundi wa redio akasema betri ni betri. Kumbe betri ya gari imeundwa kwa kazi moja: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake, kisha jenereta ilipe deni. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiifanya ivute mashua asubuhi nzima mpaka ikauke, na kufanya hivyo mara kwa mara, zile sahani zinakufa mapema. Ya kazi hii ina sahani nene, na hata hiyo usiimalize zaidi ya nusu ukitaka iwafikie wajukuu.

Mjomba hakutaka nadharia. Alitaka majaribio. Akaazima betri ya pikapu ya jirani wakati jirani amelala, kwa nia ya kuirudisha kabla hajaamka. Ilikuwa ya ampea-saa 70. Nusu yake ni 35, na mota inakula 50 kwa saa, kwa hiyo kwenye karatasi unapata kama dakika 40. Karatasi nayo ina siri yake. Zile 70 zilizoandikwa ubavuni hupimwa betri ikinyonywa polepole kwa saa 20. Ukiikamua kwa haraka inatoa kidogo kuliko ilivyoahidi, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Peukert alilitolea kanuni mwaka 1897. Jirani yetu hamjui Peukert. Anachojua ni kwamba asubuhi ile alitakiwa kupeleka wazee kuposa Malindi, na pikapu ilisema "tik" ikanyamaza. Wazee walikwenda kwa matatu. Posa ilikubaliwa, na Mjomba mpaka leo anadai ni kwa sababu walifika wakiwa wanyenyekevu.

Baada ya hapo kikao cha familia kiliamua betri inunuliwe. Ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo kama 30. Tuliipachika tezi, pamoja na mota, pamoja na Mjomba. Omo ikanyanyuka, ikawa inatazama mawingu. Nikashauri betri iende mbele. Fundi akaja na waya wa kuunganisha kutoka omo mpaka tezi, waya mzuri mweupe wa milimita 2.5, ule unaotumika kwenye soketi za nyumba. Nikamwuliza kama utatosha. Akacheka. "Huu unabeba pasi na jagi, sembuse kimota?" Pasi na jagi vinatumia volti 240, ampea zake chache. Kwa volti 12 kazi ndogo inataka ampea nyingi, na ampea ndizo zinazopasha waya moto.

Tulikuwa hatujafika mbali Mjomba akanusa. "Nani anachoma plastiki baharini?" Tukatazama pwani, tukatazama mashua za wenzetu. Kisha akachomoa mguu wake uliokuwa umekanyaga waya, akasema neno ambalo siwezi kuliandika kwa kuwa huyu ni mkubwa wangu. Fyuzi haikuwapo, fundi alisema atakuja kuiweka Jumatatu. Sasa tuna kebo nene ya milimita 16, na fyuzi ya ampea 60 imekaa palepale ilipo betri, kwa sababu fyuzi iliyo mbali inalinda mota na kuacha waya uungue kwa amani.

Halafu likaja bamvua.

Bwana Schmidt hakuwa na bamvua. Sisi tunalo, na maji yakianza kutoka hori ya Kilifi siku za bamvua yanatoka kama yameitwa. Tulikwenda nayo kuelekea mdomo wa hori, kimya, kwa fahari, Mjomba amekunja mikono. Tukapita chini ya Daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likaistaafisha feri. Kisha tukageuka kurudi nyumbani.

Mota ilikuwa inafanya kazi. Hilo naliapia. Maji yalikuwa yakipita ubavuni kwa kasi ya kuridhisha. Ni ukingo wa Mnarani tu uliokataa kusogea. Nilichagua nguzo moja ya daraja, nikaitazama, nikaitazama tena baadaye, tukawa tumezoeana. Juu, mabasi ya Malindi yakipita na watu wakituchungulia. Mota kama hii, mashua kama yetu, mwendo wake ni noti tatu hivi ukibahatika, na mkondo siku ile haukuwa nyuma. Taa za kipimo cha betri zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine.

Akaja mtoto kwenye mtumbwi, na kasia moja, akipita kandokando ya ukingo ambako mkondo umelegea. Akatupita. Akageuka kwa adabu.

"Shikamoo babu. Mmetia nanga?"

"Marahaba," akasema Mjomba. "Tunapumzika."

Tulipumzika mpaka maji yakaanza kujaa, kisha yakatupeleka wenyewe. Toka siku hiyo tunapita ukingoni, tunakwenda na maji na kurudi na maji, na mpini hauvuki nusu. Ajabu ya mota hizi ni kwamba zenye kidhibiti cha kisasa, ukipunguza mwendo kidogo tu, ulaji unashuka sana. Kwa mwendo wa kuvulia yetu inakula ampea 10 au 12.

Ile ya risasi tuliiuza kwa jirani wa pikapu, kwa bei ya kuomba msamaha, tukajichanga kwa lithiamu ya ampea-saa 100. Kilo 12 hivi. Mjomba aliinyanyua akaitikisa, akidhani wameuza boksi tupu. Hii unaweza kuitumia karibu yote, siyo nusu. Chaja inaijaza kwa uniti moja na nusu ya stima, na nilikuwa nimeandaa hotuba kabisa kwa ajili ya mke wangu, ya kulinganisha tokeni na petroli.

Hotuba haikuhitajika. Usiku huo stima zilipotea mtaa mzima, wakati wa mechi. Mke wangu alitazama betri, akatazama kile kigeuzi kidogo tulichonacho cha kuchajia simu garini, akamwita shemeji yake. Baada ya dakika chache nyumba yetu ndiyo ilikuwa na televisheni peke yake. Walikuja majirani wote, pamoja na fundi wa waya wa milimita 2.5, aliyekaa mbele. Baada ya mechi ikawekwa tamthilia. Simu zote za mtaa zikachajiwa.

Alfajiri taa za kipimo cha mota zilikuwa zimewaka zote. Hapo ndipo kuna tabia ya lithiamu ambayo boksi haliitaji: taa zile zinapima volti, na lithiamu inashikilia volti zake juu karibu mpaka tone la mwisho. Kisha kibao kilichomo ndani, kinachoilinda isiharibike, kinakata. Hakikohoi wala hakiagi. Kilikata tukiwa tumeingia ndani ya mikoko, na tewa mmoja mkubwa amekwisha onja chambo. Mjomba alishika pondo kwa bega lile lile lililostaafu, na njia nzima hakusema kitu, isipokuwa kuuliza kwa upole nani alishinda kwenye tamthilia.

Mke wangu alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akaleta kalenda ya ukutani, yenye mwezi mchanga na mwezi mpevu. Siku za bamvua, akasema, ninyi hamwendi popote, mmekwisha kuniambia wenyewe. Betri ni ya nyumba. Siku za maji mafu ni yenu. Nikaikagua ile ratiba nitafute kosa. Ilikuwa imepangwa kuliko chochote alichotuambia fundi yeyote tangu tuanze. Mjomba naye aliitazama kwa makini, kisha akauliza kama mechi ya fainali iko maji mafu au bamvua.

"Mafu," akasema mke wangu. "Siku hiyo mtavua kwa kasia."