Chumvi Haina Adabu

Jana alasiri, maji yamejaa na pwani ya Mkunguni imejaa watu, niliiamuru nyambizi yangu izame ikakataa. Nilibonyeza rimoti mara ya kwanza kwa madaha, maana nilikwisha kutangaza. Pampu ikanguruma ndani ya bomba, tangi likajaa pomoni, nyambizi ikashuka vidole viwili, ikatulia. Mgongo nje, mnara nje, bendera niliyoichomeka kileleni inapepea. Wavulana waliokuwa wakishindanisha ngalawa zao za kuchezea wakaziacha, wakaja kutazama. Wakangoja. Nikabonyeza tena, na tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba chombo kilikuwa hakijasikia. Mwishowe mmoja wao, kwa heshima zote alizofunzwa kwao, akaniambia, "Ami, mashua yako inaelea vizuri sana."

Kwa mwenye nyambizi hakuna tusi linaloishinda sifa hiyo. Mzee aliyekuwa akisuka dema kivulini hakusema neno. Alikohoa tu, na hakuwa na kifua. Nahodha mmoja wa boti za watalii akaniuliza, bila kutania hata kidogo, "Boya hilo unauza?"

Waliocheka hawakungoja maelezo, basi nitayatoa hapa.

Chombo chochote kinachoelea kina sehemu mbili. Iliyo ndani ya maji ndiyo inayofanya kazi: inasukuma maji pembeni, na maji hayo yaliyosukumwa yana uzito sawasawa na wa chombo kizima. Iliyo juu ya maji ni akiba. Abiria akipanda, gunia likiongezwa, wimbi likiruka ndani, chombo kinakopa kwenye akiba hiyo. Ikimalizika, kinakwenda chini. Kazi ya tangi la nyambizi ni kuila akiba makusudi hadi tone la mwisho, kisha kuirudisha inapotakiwa. Kwa hiyo ukubwa wa tangi haubahatishwi, wala hautokani na nafasi iliyosazwa na betri. Unapima ujazo wa kila kitu kilicho juu ya mstari wa maji, na ujazo huo ndio tangi lako. Hata mnara una hesabu yake. Wangu una matundu, maji yanaingia na kutoka, hivyo kinachohesabiwa ni unene wa plastiki peke yake. Uwazi wa ndani hauna thamani. Niligundua hilo saa nane za usiku na sikupata wa kumwamsha.

Nyambizi yangu ni bomba la plastiki la inchi nne, limezibwa ncha zote mbili. Ikizama yote inasukuma lita 6 za maji. Tangi likiwa tupu ina kilo 5 na nusu. Inayopungua ni nusu kilo, basi tangi ni la nusu lita. Niliijaribu uani, kwenye pipa la maji ya mfereji. Tangi likajaa, nyambizi ikashuka, ikasimama katikati ya maji, haipandi wala haishuki. Niliita nyumba nzima ije ione chombo kisichofanya chochote.

Kisha nikaipeleka baharini. Lita moja ya maji ya mfereji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya bahari yetu, pamoja na chumvi yake ya gramu 35 hivi, inazidi kilo kwa gramu kama 25. Zidisha mara 6: gramu 150. Bahari ilikuwa ikiibeba nyambizi yangu kwa gramu 150 zaidi kuliko lilivyoibeba pipa, na ujazo wa kikombe cha chai wa mwili wake ulipaswa kubaki nje. Ukabaki nje. Hesabu yangu haikuwa na doa. Kilichobadilika ni bahari.

Samaki walikwisha kuyamaliza haya zamani. Chewa ana mfuko wa hewa, anaupunguza na kuujaza apendavyo, mradi asiharakishwe. Akivutwa kwa kasi kutoka kilindini, hewa inatanuka na anafika juu tumbo limemtoka kinywani. Papa hakupewa mfuko. Amepewa ini kubwa lililojaa mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Wazee wetu wakamvua, wakaliyeyusha ini lake wakapata sifa, wakapaka vyombo vyao visioze. Kila jahazi lililopakwa sifa limevaa boya la papa kwa nje, na papa hajawahi kulipwa.

Tena tangi lazima likae mahali pake, katikati na chini. Likiwa nusu, maji yake hukimbilia upande ulioinama, na upande ulioinama huinama zaidi. Ndiyo maana mabaharia wa majahazi hawakumwaga tu mawe ya farumi ndani ya ngama. Waliyapanga, wakayabana yasitembee. Mimi nimelikata tangi langu vyumba vitatu kwa vibao vya plastiki vyenye vitundu, na ningependa kueleza kipenyo cha vitundu hivyo, lakini najua subira ya watu. Niseme tu kwamba wapo waliolipuuza tangi yakawafika. Nyambizi ya H. L. Hunley, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilikuwa na matangi yaliyo wazi kwa juu. Ukizidisha, maji yanawamwagikia mabaharia waliokaa wakizungusha mtaimbo wa panga kwa mikono. Oktoba 1863 ilizama na Hunley mwenyewe ndani. Ikaopolewa, ikapewa watu wengine, na Februari 1864, baada ya kuizamisha meli ya adui, ikazama tena na wote waliokuwamo.

Kuhusu chumvi, mabaharia wa meli kubwa walinitangulia. Nenda bandarini Malindi, mjini Unguja, utazame ubavu wa meli ya mizigo. Utaona duara lililokatwa na mstari, na kando yake ngazi ya mistari midogo yenye herufi. TF, maji matamu ya nchi za joto, uko juu kabisa. S, bahari ya kiangazi, uko chini yake. Meli ile ile na mzigo ule ule, ikitoka baharini ikaingia mtoni, inakaa chini zaidi, na ngazi hiyo inasema ni kwa kiasi gani. Alama ya duara ni ya Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepiga kelele bungeni miaka na miaka kwa sababu wenye meli walikuwa wakizijaza kupita kiasi, wamezikatia bima, zikirudi heri, zisiporudi heri. Sheria ikapita mwaka 1876.

Hapo mzaha unanikauka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliyokuwa ikielekea Pemba ilizama mbele ya Nungwi, imebeba watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Walikufa kwa mamia. Akiba ninayoila mimi kwa pampu ndogo, kwa raha zangu, usiku ule ililiwa kwa miili ya watu waliolipa nauli. Haikuhitaji elimu ya ajabu kulijua hilo. Lilikuwa jambo la kuhesabu vichwa na kutazama mstari. Na mpaka leo ukisimama kwenye gati lolote dogo la visiwa hivi ukauliza chombo kimebeba kilo ngapi, utaambiwa una wasiwasi, Mungu yupo. Yupo, na ndiye aliyeyapa maji uzito wake. Mimi nikipima chubwi za risasi kwa mizani ya dukani naitwa mtoto. Anayepakia watu kwa kukisia kwa jicho anaitwa mzoefu.

Basi leo asubuhi nilirudi pwani na chubwi za gramu 150, nikazifunga chini ya mkuku. Nyambizi ikazama vizuri, mnara ukapotea, na rimoti ikafa papo hapo.

Rimoti za siku hizi hutumia gigahetzi 2.4, na wimbi hilo halipenyi maji ya chumvi hata kwa urefu wa kiganja. Nyambizi za kivita zenyewe hupelekewa habari kwa mawimbi yenye urefu wa kilomita kumi na zaidi, na hayo nayo huchoka kabla ya kufika kilindini. Wenye mchezo huu huko kwao wanatumia rimoti za zamani za megahetzi 27 au 40, ndani ya bwawa la maji matamu. Kila mchoro niliowahi kuushika umechorwa na mtu mwenye bwawa. Sisi tumejaliwa Bahari ya Hindi nzima, na Ghuba ya Menai iliyowekwa chini ya hifadhi tangu 1997, lakini bwawa hatuna.

Nikatafuta mpiga mbizi. Kijana akasema, "Maji yakipwa, elfu tano. Yakijaa, elfu kumi."

"Mimi nimezikwa kitovu hapa," nikamwambia.

"Ndiyo bei ya mwenyeji hiyo, ami. Ya mgeni ni kwa dola."

Bamvua hapa maji hushuka kiasi cha mita nne, nami nina subira, ila pampu haina. Nikalipa elfu kumi. Nyambizi ilipofika juu, boti mbili za watalii ziliifukuza zikidhani ni pomboo. Mnara ulibanduka. Kaa aliyeingia kwenye tundu la nyuma bado yumo.

Najifariji kwa Hispania. Mwaka 2013 ilibainika kwamba nyambizi yao mpya, Isaac Peral, imezidi uzito kwa tani zaidi ya 70, na waliikokotoa wahandisi wa serikali, si mtu mmoja na mzigo wa mabomba. Dawa yao ilikuwa kuirefusha kwa karibu mita 10 isukume maji zaidi. Ilipokwisha kurefuka, gati lao la Cartagena likawa fupi.

Yangu nayo inataka kurefushwa, ili tangi lake litoshe baharini bila chubwi. Tangi kubwa halienei bila bomba refu, bomba refu linasukuma maji zaidi, na maji zaidi yanataka tangi kubwa zaidi. Nimelifukuza jambo hilo kwenye karatasi mpaka likasimama, na bomba jipya limekwisha kukatwa. Haliingii kwenye pipa. Hispania ilikuwa na hazina ya kulipia gati lipanuliwe. Mimi nimeambiwa pipa lile ni la kufulia, na lirudi mahali pake kabla ya magharibi.