Bahasha ya Mama Mkwe

(Sebule ya nyumba ya kupanga, Tandika, Dar es Salaam. Saa tano usiku. Umeme umekatika mara tu kijana mtanashati wa Kikorea alipogongwa na gari, karibu na mwisho wa tamthilia. Mama wa nyumba amejitanda khanga, macho mekundu, ametoka kumgongea wakala amuuzie umeme. Gizani wamebaki Bibi Kochi, kijana Rimoti, Mjomba Mjusi na Bwana Luku, mita ya umeme.)

LUKU: Natangaza rasmi: salio ni sifuri. Tangu jana magharibi luninga na feni vimekula yuniti tatu kwa ajili ya watu wawili ambao ni mume na mke halali, na wanalala vyumba mbalimbali.

RIMOTI: Bwana Luku, huna moyo wewe! Baek Hyun-woo amelala barabarani. Mkewe kapasuliwa kichwa juzi tu, hamkumbuki mumewe hata kidogo. Wewe unatangaza salio!

LUKU: Moyo sikuwekewa kiwandani. Mimi huguswa na tarakimu ishirini tu.

MJUSI (kutoka nyuma ya picha ya harusi): Mpwa wangu, nyamaza. Hafi huyo.

RIMOTI: Umejuaje, Mjomba? Hii ni Queen of Tears, ya mwaka 2024. Hujawahi kuiona.

MJUSI: Tamthilia sijaiona, ila gari hilo nalifahamu. Mwaka 2000 Wakorea walitoa Autumn in My Heart. Vitoto viwili vya kike vinabadilishwa hospitalini, mmoja analelewa kwa watu wasio wake, anapendana na aliyemdhani kaka, anaugua saratani ya damu, anakufa. Mwishoni kabisa, yule kaka naye anakumbana na lori. Mwaka 2002 mwongozaji yuleyule, Yoon Seok-ho, akatuletea Winter Sonata. Kijana anagongwa, anapoteza kumbukumbu, anaishi kwa jina jingine miaka kumi. Anagongwa tena, kumbukumbu zinarudi. Zikisharudi, anaambiwa mpenzi wake huenda ni dada yake. Ikithibitika kwamba si dada yake, macho yanapofuka. Na hii ya 2024 unayoililia ina nini? Gari limo, ugonjwa wa kichwa umo, kusahau kumo. Nchi inayouza magari dunia nzima, na kwenye tamthilia zake hakuna hata moja lenye breki!

KOCHI: Bwana Mjusi, wewe mkia ukikatika unaota mwingine. Utamhurumia nani aliyepata ajali?

MJUSI: Simchukii mtu, Bibi Kochi. Nasema tu kwamba machozi ya humu ndani yamewekwa kwenye ratiba.

LUKU: Kwa ratiba, Wakorea nawapa heshima yao. Hii ni sehemu 16, Jumamosi na Jumapili, wiki nane, kwisha. Mtu anaweza kupanga matumizi.

MJUSI: Wiki nane huko kwao, Bwana Luku! Huko gari likigonga Jumapili, mtazamaji ana siku tano za kupoa, aende kazini, ale, asahau. Mama yetu kaitia tamthilia nzima kwenye flashi kwa yule kijana wa muvi pale kituoni, anaimaliza kwa usiku mbili. Kabla hajamaliza kumlilia aliyegongwa, mwingine keshagunduliwa uvimbe. Ndiyo maana asubuhi anakwenda sokoni macho yamevimba, watu wanadhani kapigwa.

RIMOTI: Lakini analia kwa sababu ya mapenzi, Mjomba. Juzi alinibonyeza nirudishe nyuma, nirudishe nyuma, mpaka kitufe kikapata moto. Ilikuwa mvua, kijana kamfunika msichana mwavuli wote, bega lake mwenyewe linalowa.

MJUSI: Mapenzi gani? Twende kwenye Goblin. Bwana ana miaka zaidi ya 900, mchumba wake ni mwanafunzi wa sekondari. Hapa kwetu anayemwoa mwanafunzi sheria inamngojea na miaka 30 jela. Bahati yake yule hazeeki, angetoka gerezani bado anang'aa. Halafu wapenzi wa tamthilia hizi wakishafika kwenye busu lenyewe, baada ya sehemu nane za kungoja, msichana anakodoa macho kama mimi nikimulikwa na tochi, mikono inaning'inia, kamera inawazunguka, wimbo uleule unaanza upya. Mimi nina damu baridi, na hata mimi niliona aibu.

RIMOTI: Hiyo ndiyo heshima!

MJUSI: Na umaskini wao je? Msichana fukara anaishi kwenye chumba juu ya paa la ghorofa, jiji zima liko chini yake linawaka taa. Umaskini gani huo wenye upepo? Akigombana na mpenzi wake, ugomvi unapelekwa kwenye mgahawa wa Subway, nembo inawatazama, wanatafuna mkate huku wanaachana. Tangu 2010 sheria yao inaruhusu kupachika matangazo ndani ya hadithi, na wakairuhusu kwelikweli.

KOCHI: Mmemaliza? Sasa nisikilizeni mimi ninayekaliwa. Ninyi mnaona uso wa Mama. Mimi napokea uzito wake. Gari likigonga, analia kwa adabu: khanga, pua, basi. Busu likifika, anajinyoosha tu. Lakini akitokea mama mkwe na lulu zake shingoni na mkoba mkononi, Mama anasogea mpaka ukingoni, springi zangu zinapiga kelele. Hapo ndipo anapotazama kweli. Mapenzi ni chambo tu. Hizi ni tamthilia za mama mkwe.

RIMOTI: Bibi!

KOCHI: Mjukuu wangu, wewe unashikwa mkono, hujui kinachotokea huku chini. Unaikumbuka Boys Over Flowers, ile ya 2009? Geum Jan-di, mtoto wa dobi, kapendwa na Gu Jun-pyo, mrithi wa kampuni isiyo na mwisho. Nani anakumbuka walipendana vipi? Alimtesa shule nzima, kisha wakapendana, ndiyo hivyohivyo tu. Lakini siku mama yake Jun-pyo alipofika kwa dobi kutoa fedha nyingi ili binti yao amwachie mwanawe! Na mama yake Jan-di, pamoja na dhiki zake zote, akachukua chumvi akammwagia yule bibi kichwani.

MJUSI: Chumvi?

KOCHI: Chumvi. Wakorea humwaga chumvi kufukuzia nuksi. Mama alisimama akapiga vigelegele peke yake saa saba usiku. Jirani aligonga ukuta akiuliza nani kajifungua.

LUKU: Naomba ufafanuzi wa mahesabu. Hapa kwetu upande wa mume hutoa fedha ili wapewe binti. Kule wanatoa fedha ili wasipewe?

KOCHI: Ndiyo, Bwana Luku! Fedha zilezile, kwa makusudi mengine. Hapa wazee wanakaa mkekani wanabishana mbuzi na blanketi. Kule mama mkwe anakuja peke yake, anaagiza kahawa asiyoinywa, anasukuma bahasha juu ya meza. Msichana akikataa, anamwagiwa maji ya glasi usoni. Lakini swali linaloulizwa ni lilelile: huyu binti ni wa nani, na anastahili nini?

MJUSI: Nitakuongezea, Bibi, ingawa inanivunjia hoja yangu. Hadithi hiyo si ya Wakorea. Iliandikwa na kuchorwa na Mjapani, Yoko Kamio. Taiwan waliitengeneza mwaka 2001 kwa jina la Meteor Garden, Wajapani wenyewe 2005, Wakorea 2009, na China 2018.

KOCHI: Na katika zote hizo, mama tajiri walimtoa?

MJUSI: Hapana. Yumo mote.

KOCHI: Basi! Wamebadilisha nchi, mavazi, chakula na nywele za kijana. Mama mkwe hawakuthubutu kumgusa. Na China je? Walipochagua tamthilia ya kuitia sauti za Kiswahili, wangeweza kutuletea vita, wafalme, watu wanaoruka juu ya mapaa. Wakatuletea Mao Doudou, binti wa Beijing. Kaolewa na mwanamume ambaye wazazi wake walitalikiana, kwa hiyo ana mama wakwe wawili. Ikaonyeshwa TBC mwaka 2011. Machi 2013 Rais Xi Jinping akaja hapahapa Dar es Salaam, akaitaja katika hotuba yake. Reli ya TAZARA waliyotujengea tulikuwa tunaijua. Tulichokuwa hatujaambiwa ni kwamba huko Beijing nako mama mkwe anaingia jikoni kufunua masufuria.

LUKU: Na Wahindi?

MJUSI: Usiwaguse Wahindi, utafilisika. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza 2000 ikaisha 2008, sehemu zaidi ya 1,800. Tulsi anaingia kwenye ukoo akiwa mkamwana, anakaa humo mpaka yeye ndiye mama mkwe. Katikati mumewe, Mihir, alikufa, watazamaji wakaja juu, ikabidi arudi. Na aliporudi...

RIMOTI: Kapoteza kumbukumbu.

MJUSI: Umekua, mpwa wangu.

LUKU: Sehemu 1,800! Mtu anaolewa, anazaa, anazeeka, bado analipia yuniti za harusi ya mtu mwingine.

KOCHI: Sasa turudi kwenye hii iliyokatikia njiani, maana mnaililia bila kuielewa. Hii imefanya ujanja. Hyun-woo ni mwanasheria, mtoto wa kijijini, na yeye ndiye aliyeolewa. Naam, kaolewa kwenye ukoo wa matajiri wa maduka, anaishi kwao, anawaogopa wakwe. Siku ya tambiko la wahenga, wanaume wote walioolewa humo, watu na digrii zao, wamefunga aproni jikoni wanaandaa vyakula vya marehemu wasiowajua. Mama alicheka mpaka akaangusha kijiko. Kisha akanyamaza. Akasema taratibu, "Kumbe wanaweza kuwekwa jikoni."

MJUSI: Hata yule DJ anayeitafsiri kwa Kiswahili nilimsikia akikatisha hadithi hapo, akisema hao wanaume wamelogwa.

KOCHI: Kwa sababu na yeye ana mke. DJ mwenyewe humtafsiria mkamwana maneno matatu, mama mkwe humtolea hotuba. Anajua wateja wanataka nini.

RIMOTI: Bibi, kuna moja inakushinda. Crash Landing on You. Tajiri wa Kusini anachukuliwa na kimbunga akiwa angani, anaangukia Kaskazini, mikononi mwa kapteni. Mama wa kapteni ni mpole, hana bahasha. Hayo si mapenzi matupu?

KOCHI: Hapana, mjukuu wangu. Pale mama mkwe ni mpaka. Tangu vita viliposimamishwa mwaka 1953 umekaa katikati ya ndugu, haununuliki, haushawishiki, haujali kama unampenda. Wamefanya nini wale wapenzi mwishoni? Hawakuushinda. Wameishia kuonana Uswisi wiki mbili kwa mwaka. Tamthilia za bahasha huisha kwa mama mkwe kulainika hospitalini. Ile haikulainika kitu, na ndiyo maana Mama hakulia siku ile. Alikaa tu. Alinikalia mpaka alfajiri.

MJUSI: Waigizaji wenyewe walioana, lakini. Hyun Bin na Son Ye-jin, mwaka 2022.

RIMOTI: Asante, Mjomba!

MJUSI: Usinishukuru. Sijui mama wakwe walisema nini.

LUKU: Bibi Kochi, samahani kwa swali la kibinafsi. Mbona unamtetea sana huyu mama mkwe? Una maslahi?

KOCHI: Ninayo, sifichi. Mimi nililetwa humu na mama yake bwana, wiki ya harusi. Kila akija kutoka Korogwe hanisalimii mimi wala Mama kwanza. Ananikagua. Anapapasa kitambaa, anatafuta palipochanika, anatazama kama watoto wamenimwagia chai. Hasemi kitu, anaguna. Mama anasimama mlangoni na trei ya soda, anangoja hukumu. Nimekaa katikati ya wanawake hao wawili miaka yote, na nakwambieni hawachukiani. Wanaogopana. Yule mkubwa anaogopa kwamba mwanawe kaondoka moja kwa moja, huyu mdogo anaogopa kwamba mumewe hajaondoka bado. Wakorea wanalijua hilo, sema wanalivalisha lulu. Wahindi wanalijua, wanalipigia ngoma kila dakika. Sisi tunalijua kuliko wote, halafu tukikaa kuandika tamthilia tunamfanya mama mkwe mchawi, anafukia kitu uani, mwisho anaugua anaomba msamaha. Hana hata sehemu moja ya kueleza alianzia wapi.

MJUSI: Kwa hilo sina la kupinga. Ila magari myapunguze.

KOCHI: Basi nawaambieni ninyi waandishi wa tamthilia zetu, mlioko Dar, Nairobi na Zanzibar. Mama mkwe mnaye, tena wenu haji na bahasha. Huja na kuku wa kienyeji na begi la kukaa mwezi mzima, na hiyo ni hadithi nzuri zaidi. Mpeni jina lake mwenyewe, mpeni na sababu zake, mwacheni agombane na mkamwana jikoni kwa maneno ambayo watu husema kweli. Mwandikieni sehemu 16, kisha mmalize, msituburuze mpaka sehemu ya 300.