Muulize Mjomba Jeki: Gari Lina Kutu, Niliache?

Barua za wiki hii zote zimetoka uvunguni. Hakuna aliyeuliza habari za redio wala rimu. Mjomba amefarijika, maana wapwa zake wengi hununua gari wakiwa wamesimama wima, kisha huandika wakiwa wamelala chini.

*Shikamoo Mjomba. Nimeipenda Prado moja kwenye yadi hapa Dar. Nje inang'aa, ndani viti vya ngozi, kiyoyozi kinagandisha. Nilipoinama nikaona nati, difu na bomba la moshi vyote vina rangi ya kahawia. Mke wangu kasema twende zetu, gari bovu. Muuzaji kasema, "Bosi, chuma gani hakina kutu?" Tangu siku hiyo nyumbani hatuongei vizuri. Nani mkweli?*
— Niliyeinama, Tabata

Marahaba mpwa. Mkeo ana macho, muuzaji ana mdomo, na wote wawili wamegombea jambo lisilo na mshindi. Gari lililotembea miaka kumi lina kutu, hilo halina mjadala. Cha kuuliza ni kutu iko wapi, na chuma kilichobaki kina unene gani.

Bomba la moshi huchemka na kupoa kila siku. Ukilikuta halina ukahawia kabisa, ujue limebadilishwa juzi. Difu na ekseli ni vyuma vinene, na kutu ya juu juu hapo itawaacha mkizeeka. Nati ni hivyo hivyo, ingawa fundi atakulaani siku ya kuzifungua. Kwa hayo matatu, mwombe mkeo radhi kwa niaba ya gari.

Sasa rudi yadini, vaa shati usilolipenda, lala chini. Prado imejengwa juu ya chasisi: mihimili miwili mirefu ya chuma yenye uwazi ndani, na bodi imefungwa juu yake. Fuata mhimili mmoja kwa tochi kuanzia mbele. Kawia pale unapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi na mikono ya suspensheni inaposhikiliwa. Tope na chumvi hulala hapo, na uzito wa gari unabebwa hapo hapo.

Omba ruhusa, chukua nyundo ndogo, gonga taratibu huku ukisogea. Chuma kizima kinalia: ngi, ngi, ngi. Ukifika mahali sauti ikawa pu, simama, gonga tena. Magamba yakikudondokea usoni, ndugu yangu, hilo ndilo gari lenyewe linakutoka. Kisha tafuta matundu ya kutolea maji upande wa chini wa mhimili. Simu yako ina kamera na taa, basi ichungulishe humo. Ukiona vumbi la kahawia, endelea na maongezi. Ukiona vipande vya ukubwa wa kucha vimejilundika, chasisi inaoza kwa ndani, na upande wa nje ndio utakaokuwa wa mwisho kukuambia.

Malizia na mabomba ya breki, yale membamba yanayoambaa na chasisi. Yaliyopata ukahawia wa unga yanaweza kusubiri. Yaliyovimba na kumenyeka yabadilishwe kabla gari halijatoka getini, kwa sababu bomba la breki huchagua kupasuka siku umekanyaga kwa nguvu zote, na siku hiyo mbele yako kuna bodaboda.

Hukumu yangu: kutu ya juu juu, lipa. Kutu ya magamba, teremsha bei. Kutu iliyotoboa chasisi, muage muuzaji kwa adabu, uwahi nyumbani kabla mkeo hajalala.

*Mjomba, habari. Naagiza X-Trail kutoka mnadani Japani. Bei yake iko chini kuliko zingine za mwaka huo na wakala ananihimiza nilipe leo. Karatasi ya mnada imejaa herufi S, na C mbili tatu. Mimi nilidhani S ni "safi". Niko sawa?*
— Mwenye Haraka, Nairobi

Nzuri, mpwa, ingawa yako sina uhakika nayo. Kwenye karatasi za mnada wa Japani, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama kwamba bodi imewahi kutengenezwa. S ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kuingia ndani. Kwa hiyo mkaguzi wa Kijapani amekuandikia barua ya onyo kwa mkono wake, nawe umeisoma kama kadi ya harusi.

Halafu usitosheke na mchoro. Mambo ya uvunguni mara nyingi huandikwa pembeni, kwa Kijapani, kwenye maelezo ya mkaguzi. Mlipe mtu akusomee kabla hujaweka dau. Daraja la jumla, hata likiwa 4, limechanganya viti, rangi na kilomita. Usilifanye cheti cha chasisi.

Uliza pia gari liliishi wapi, siyo liliuzwa wapi. Hokkaido, Tohoku na Niigata ni nchi ya theluji. Zamani madereva wa huko walifunga tairi zenye misumari, nazo zikachimba lami na kujaza miji vumbi. Mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuzizuia, na kazi ya kuyeyusha barafu ikazidi kuachiwa chumvi. Kuna chumvi ya kawaida na kuna kloridi ya kalsiamu, ambayo ina tabia ya kuvuta unyevu hewani, hivyo chuma hubaki kimelowa hata siku ya jua. Theluji iliyeyuka Sapporo, lakini chumvi ilipanda meli pamoja na gari, ikashuka Mombasa kwenye joto na unyevunyevu, ikaendelea na kazi. Kijitabu cha huduma kikiwa bado kwenye gari, jina la mji wa gereji litakusaidia kuliko maneno ya wakala.

Utasema Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo lako bado kijana. Sawa. Miaka minane ni majira manane ya theluji.

Na kumbuka X-Trail haina chasisi ya peke yake kama Prado. Bodi ndiyo chasisi. Kutu kwenye sakafu, kwenye kizingiti chini ya milango, au pale shokapu zinapofungwa kwa juu, ni kutu kwenye uti wa mgongo. Omba picha za uvungu: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Wakala akikosa muda wa kupiga picha nne, wewe ukose muda wa kutuma pesa.

*Mjomba, mimi ni mama wa watoto watatu. Nimeonyeshwa Land Rover iliyotoka Uingereza. Muuzaji ni mkarimu ajabu: ameipaka chini yote rangi nyeusi ya kuzuia kutu, bure, bila hata kuombwa. Inapendeza kuliko ya juu. Je, nimshukuruje?*
— Mama Watatu, Mombasa

Mama, usimshukuru bado. Uingereza nako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo ana sababu nzuri ya kupaka, na ana sababu nyingine pia. Rangi juu ya chuma kilichosafishwa ni kinga. Rangi juu ya magamba ni poda juu ya upele: unyevu umefungiwa ndani, kutu inakula bila kuonekana, na wewe unalipia giza.

Rangi hizo mbili utazitofautisha kwa bushi. Kiwandani hakuna anayepaka rangi bushi za mpira, wala waya, wala karatasi za namba, wala bomba la moshi. Aliyekuwa na haraka ya kuficha hupulizia kila kilicho mbele yake. Lala chini, mulika bushi ya mkono wa suspensheni. Ikiwa nyeusi ya mpira, mvi kidogo na vumbi, heri. Ikiwa nyeusi ya kung'aa, na ukiikwaruza kwa ukucha unatoka utando wa rangi, basi hata nati zilizo jirani hazikusafishwa. Sasa bonyeza rangi ya kwenye chasisi kwa kidole gumba. Ikibonyea na kutoa sauti ya kukatika, chini yake kuna tabaka lililoachana na chuma.

Muulize mambo mawili: ulisafisha kwa kutumia nini kabla ya kupaka, na picha za kabla ziko wapi? Fundi aliyefanya kazi ya kweli hujivunia picha za kabla. Asipokuwa nazo, omba kukwangua sehemu tatu unazochagua wewe, siyo anazochagua yeye. Akikubali, mnunulie soda. Akikataa, wahenga walishamaliza: mficha maradhi kilio humfichua. Kilio hicho kisiwe chako, na wanao wakiwa kiti cha nyuma.

*Shikamoo Mjomba. Nataka kuiacha Toyota moja kwa sababu ya kutu, lakini baba mkwe anasema Toyota haiozi, na nusu ya gari analipia yeye. Nitamkatalia vipi?*
— Mkwe Mnyenyekevu, Moshi

Marahaba. Baba mkwe hakataliwi, huletewa habari. Siku amekunywa chai yake, mweleze polepole kwamba mwaka 2016 huko Marekani kampuni ya Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali kumaliza kesi ya chasisi zilizooza kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 1.5: pikapu za Tacoma na Tundra, na Sequoia. Injini zao zilikuwa zinanguruma vizuri tu. Kilichokuwa kinaondoka ni kile kilichobeba injini.

Sifa ya Toyota ameipata mzee kwa haki: mashine yake hudumu. Lakini mashine hiyo imefungwa kwenye chuma, na chuma hakisomi nembo. Ukimaliza, mwombe aje yadini akusaidie kushika tochi. Mzee akishaona kwa macho yake, uamuzi utakuwa wake, na wewe utakuwa mkwe msikivu.

*Wewe Mjomba una roho mbaya. Tangu uanze haya mambo ya kulala chini, wateja wanakuja na nyundo. Mwingine alinigongea Harrier mbele za watu. Sisi tule wapi?*
— Dalali Mwenye Hasira, Ilala

Mheshimiwa Dalali, pole. Anayegonga Harrier kwa nyundo ya kilo mbili hakunisoma mimi. Nilisema ndogo, nikasema taratibu, nikasema kwa ruhusa.

Lakini tuongee biashara. Mimi sijasema gari lenye kutu lisiuzwe. Kutu ya magamba ina bei, na bei hiyo hupatikana kwa hesabu: chukua thamani ya gari safi la mwaka ule, toa gharama ya fundi kusafisha, kubadilisha mabomba na kupaka, kisha toa kidogo tena kwa yale ambayo tochi haikuyafikia. Usisahau kwamba mnunuzi wa leo ni muuzaji wa kesho, na mnunuzi wake naye atainama. Wewe ukilipeleka gari mwenyewe kwenye lifti ya gereji, ukaonyesha pabovu kwa kidole na kutaja bei iliyokwisha kushuka, mteja atashusha nyundo. Anayekuja na nyundo ni yule aliyewahi kuuziwa rangi nyeusi. Umwulize aliuziwa na nani.

Majibu ya haraka

*Oili Chafu, Morogoro:* Ndiyo, oili iliyotumika hupunguza kasi ya kutu. Pia hulainisha na kuharibu bushi za mpira, hukamata vumbi, huchuruzika ardhini, na ikifika kwenye diski za breki utalijua jiji. Osha uvungu kwa maji baridi, matundu ya chasisi yasisahauliwe, acha ukauke kabisa, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu hadi ndani ya mihimili.

*Mpenda Ufukwe, Kigamboni:* Picha zako za gari ndani ya maji ya bahari nimeziona. Zimependeza. Ukitaka kuliuza, zifute.

*Kiraka, Tanga:* Bati lililochomelewa juu ya chuma kilichooza limeshikana na uozo. Fundi akate hadi afike kwenye chuma kizima, na kabla ya kuwasha moto aulize tangi la mafuta liko wapi.

*Bei Poa, Mwanza:* Gari limekaa miaka yote Unguja, mita chache kutoka baharini, na unauliza kwa nini ni nafuu. Hewa ya chumvi haichagui uvungu. Kagua na kingo za vioo, maungio ya bodi na chini ya mazulia. Nyumba njema si mlango.

*Nimeshalipa, Dodoma:* Basi hukuomba ushauri, mpwa, umeomba rambirambi. Hata hivyo anza na mabomba ya breki.